Filamu ya ujambazi ikifika sebuleni: mwongozo wa mwenye rimoti

Kwenye majumba ya sinema ya Dar es Salaam filamu ya watu wazima ina bawabu. Kuna anayekata tiketi, kuna anayeikagua mlangoni, na mtoto wa darasa la tano akijitokeza peke yake anapaswa kurudishwa. Filamu hiyohiyo ikishamaliza zamu yake ya sinema na kuanza kutolewa kwa ajili ya nyumbani, bawabu anabaki hukohuko. Huku Mkuza, mkoani Pwani, inaingia kwa flashi iliyojazwa kwenye laibrari ya muvi kando ya Barabara ya Morogoro, kwa king'amuzi, au kwa simu ya kijana mwenye bando. Inawashwa baada ya chakula cha usiku, watoto wakiwa mkekani, bibi akiwa kwenye kochi, na watoto wa jirani waliokuja kuangalia katuni bado hawajaondoka.

Kazi ya bawabu basi inamwangukia mwenye rimoti, awe baba, mama, kaka mkubwa au dada wa kazi. Yafuatayo ni ya kumsaidia huyo. Sisemi filamu za ujambazi zisiangaliwe. Nyingi zimetengenezwa kwa ufundi mkubwa na mtu mzima ana haki ya kuburudika nyumbani kwake. Ninachosema ni kwamba zinahitaji maandalizi ya dakika chache ambayo wengi wetu hatuyafanyi.

Mfano wangu ni Den of Thieves, iliyoongozwa na Christian Gudegast na kutoka Marekani Januari 2018. Gerard Butler ni mkuu wa kikosi cha polisi Los Angeles. Upande wa pili ni genge la majambazi, wengine wao waliowahi kuwa wanajeshi, na mmoja wa genge hilo anaigizwa na mwanamuziki 50 Cent. Sehemu ya pili ilitoka Januari 2025. Ni filamu ya risasi kuanzia dakika za mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo inafaa kupimia.

1. Jua ni toleo gani lililoingia ndani

Watu wengi hudhani filamu ni moja tu, kwamba iliyoonyeshwa sinema ndiyo iliyokuja kwenye flashi. Sivyo. Den of Thieves ya sinema ina dakika 140. Ilipotolewa kwa diski Aprili 2018, lilikuja pia toleo la dakika 148. Hilo la pili ndilo linaloandikwa UNRATED, maana yake halikupelekwa kupangiwa daraja la umri. Filamu za mapigano hutolewa hivyo mara kwa mara, kwa sababu neno hilo huuza: mnunuzi anaahidiwa vipande ambavyo sinema haikumwonyesha. Wakati mwingine ni mazungumzo tu yaliyoongezwa, wakati mwingine ni damu na utupu. Huwezi kujua hadi uone.

Namna ya kukagua ni rahisi. Chomeka flashi, fungua orodha ya mafaili, usibonyeze kucheza kwanza. Soma jina lote la faili hadi mwisho. Ukiona UNRATED au EXTENDED, hilo ni toleo refu. Ukiona CAM, hiyo ni kopi iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya sinema: picha inatikisika, sauti ina mwangwi, na vichwa vya watazamaji vinapita. Ukiona WEB au BluRay, kopi imetoka kwenye toleo la nyumbani. Kama jina limefupishwa, anza kuicheza, isimamishe, kisha angalia muda ulioandikwa chini ya kioo upande wa kulia. Saa mbili na dakika 20 ni toleo la sinema, saa mbili na dakika 28 ni lile refu. Njia hii inafaa kwa filamu yoyote ukishajua urefu wake wa kawaida, na urefu huo unapatikana kwa kuandika jina la filamu kwenye simu.

2. Soma daraja la umri, na ulielewe

Marekani filamu hii ilipewa herufi R kwa sababu ya vurugu, matusi na vipande vya ngono na utupu. Wengi huisoma R kama amri ya kuwazuia watoto wote. Kwa Wamarekani, R maana yake aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi mtu mzima. Kwa hiyo hata mtoto wa miaka sita anaweza kupita akiwa ameshikwa mkono na baba yake. Uingereza mambo ni mengine: sinema yenye namba 15 au 18 haimruhusu aliye chini ya umri huo, mzazi awepo asiwepo. Ukikuta namba ya Uingereza, ndiyo ya kufuata, kwa kuwa haimwachii mzazi mwanya wa kujidanganya.

Kwenye king'amuzi cha DStv, bonyeza kitufe cha maelezo wakati filamu inaanza. Utaona umri, na kando yake herufi. V ni vurugu, L ni lugha chafu, S ni ngono, N ni utupu, D ni dawa za kulevya. Usiishie kwenye namba. Filamu mbili zinaweza kuwa na 16 zote, moja kwa ajili ya matusi, nyingine kwa ajili ya mauaji na ngono.

Nchini mwetu kazi ya kukagua filamu na kuzipangia madaraja ni ya Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Tatizo ni kwamba faili lililonakiliwa kwenye flashi halikupita kwenye meza ya mtu yeyote. Halina kasha, halina daraja, halina stempu. Hapo huna wa kumuuliza isipokuwa macho yako mwenyewe.

Usiupime umri kwa kuangalia filamu imetoka bara gani. Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, iliyotoka mwaka 2010, ni ya Kinshasa na inahusu mwizi wa mafuta; ina ngono na ukatili wa kuwatosha watu wazima tu. Kuwa ya Kiafrika hakuifanyi iwe ya familia.

3. Msikilize DJ kabla hujawaita watoto

Filamu nyingi za mapigano zinatufikia zikiwa zimetafsiriwa. Tanzania ilikuwa na Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyewafanya watu wapende kusimuliwa sinema ya Kizungu kwa Kiswahili. Uganda wana ma-VJ kama VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro. Ni sanaa, na wapo wanaoifanya kwa kipaji cha ajabu.

Lakini DJ anaposimulia, filamu inabadilika. Mlinzi anapigwa risasi, DJ anatia utani, sebule nzima inacheka. Jambazi anapewa jina la mtaani, anakuwa kama mtu wa kijiweni tunayemfahamu. Matusi ambayo mtoto asingeyaelewa kwa Kiingereza sasa anayasikia kwa lugha ya mama yake, tena kwa ufasaha. Daraja la umri lilipangwa kwa filamu ya awali. Maneno ya DJ hayakupangiwa daraja lolote.

Fanya hivi: sikiliza dakika kumi za mwanzo, kisha ruka hadi katikati usikilize tano, kisha tano za mwisho. Sikiliza mambo matatu. Anatukana? Anacheka mtu akifa? Na anamwita nani steringi, yaani shujaa wa filamu? Hili la tatu ndilo kubwa, nitalirudia.

4. Panga nani anaangalia, na saa ngapi

Pendekezo langu kwa filamu ya aina hii ni hili. Walio chini ya miaka 13 wasiwepo kabisa, hata wakiwa wamegeuza mgongo wanacheza karata, kwa sababu masikio hayageuzwi. Wa miaka 13 hadi 15 wasubiri. Ukiona lazima, iwe toleo la sinema, nawe uwe umeshaiona yote na umekaa nao. Wa miaka 16 na 17 waangalie pamoja na mtu mzima aliye tayari kuzungumza. Kuanzia 18 ni hiari ya mtu.

Saa inayofaa ni baada ya watoto kulala, si baada ya kula. Katika nyumba ya vyumba viwili ambako watoto wanalala sebuleni, hilo haliwezekani. Basi filamu hiyo iangaliwe kwenye simu kwa spika za masikioni, au mchana wakiwa shule.

Watoto wa jirani wana kanuni yao. Hujui nyumbani kwao wanaruhusiwa nini, na mama yao akisikia mtoto anasimulia mtu alivyopasuliwa kichwa kwa risasi, lawama ni yako. Waambie kwa upole, "Katuni zimeisha, wanangu, nendeni nyumbani, tutaonana kesho." Usiwashe kwanza ndipo uwafukuze, maana watachungulia dirishani.

Na ukimfungia mtoto nyumbani, jua pia anakoweza kuiona. Kibanda umiza kinachoonyesha mpira jioni huonyesha muvi mchana. Kwa mujibu wa sheria ile ya 1976, kuonyesha filamu kwa umma kunahitaji kibali. Pita siku moja saa za masomo uone kama kuna sare za shule ndani. Ukiziona, zungumza na mwenye banda kwanza, kisha mwenyekiti wa mtaa. Mara nyingi hapo panatosha.

5. Funga kwa namba ya siri

Ving'amuzi vinavyotumika sana hapa vina sehemu ya mipangilio ya wazazi. Ingia kwenye mipangilio, chagua umri wa juu unaoruhusu, weka namba ya siri. Kosa la kawaida ni kuiacha namba ya kiwandani, ambayo mara nyingi ni 1234 au sufuri nne. Mtoto anaijua kabla yako. Ibadilishe, na usiweke mwaka aliozaliwa yeye.

Kwa wanaotumia Netflix, fungua wasifu tofauti wa watoto, kisha uweke namba ya siri kwenye wasifu wako. Bila hatua ya pili, ya kwanza haina maana, kwa sababu mtoto atatoka kwake aingie kwako. Unaweza pia kuzuia filamu moja moja kwa jina.

Ukiwa hapohapo, punguza ubora wa picha kwenye simu. Kwa makadirio ya Netflix wenyewe, kiwango cha kati hula takriban GB 0.7 kwa saa na ubora wa juu wa HD hufika GB 3. Filamu ya dakika 140 basi inaweza kula GB 1.6 au GB 7. Kijana anayemaliza bando la wiki kwa usiku mmoja huwa hakuijua tofauti hiyo.

Flashi haina namba ya siri. Ihifadhi kama unavyohifadhi dawa: juu, mbali na mikono midogo. Na usichanganye muvi za watu wazima na katuni kwenye flashi moja. Katuni ikiisha, luninga nyingi hucheza faili linalofuata zenyewe, na linalofuata linaweza kuwa mauaji.

6. Shusha sabufa

Filamu za ujambazi huchanganywa sauti kwa ajili ya sinema kubwa: mazungumzo chini, bunduki juu. Nyumbani unapandisha sauti usikie wanachonong'ona, ghafla mtaa mzima unasikia vita. Punguza besi ya sabufa hadi robo. Kama luninga ina mpangilio wa sauti ya usiku au wa mazungumzo, uwashe. Mpangilio huo hupandisha maneno na kukandamiza milio. Weka maandishi ya chini kama yapo.

Hili si la adabu ya ujirani tu. Mkoa wetu wa Pwani unaikumbuka milio ya kweli. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa risasi Kibiti. Karibu miaka miwili kabla yake, Julai 2015, kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kwa jirani zetu wa Dar es Salaam, kilivamiwa, askari wanne na raia wakauawa, bunduki zikaporwa. Ndugu na wenzao wa kazi wanaishi kati yetu, na huwezi kujua nani yuko nyuma ya ukuta wako. Saa tano usiku, mlio wa bunduki unaopita dirishani hauna maandishi ya kusema kwamba ni filamu.

Kabla ya kuwasha, uliza pia walio ndani. Mgeni aliyewahi kuvamiwa, au mzee mwenye shinikizo la damu, hatasema mwenyewe mbele ya watu. Mpe nafasi ya kwenda kulala bila kuona aibu.

7. Zungumza baada ya filamu: steringi ni nani, pesa ni ya nani?

Tangu enzi za kanda, mtoto wa Kitanzania akikaa mbele ya muvi huuliza kwanza: steringi ni yupi? Akishaonyeshwa, moyo wake unakwenda na huyo hadi mwisho. Katika filamu za zamani za mapigano steringi alikuwa askari au mtu aliyeonewa. Katika filamu ya ujambazi steringi ni mwizi, na mtunzi anafanya kazi kubwa ili usione tatizo.

Tazama anavyofanya. Katika Den of Thieves majambazi wanalenga tawi la benki kuu ya Marekani mjini Los Angeles, na wanachotaka ni dola milioni 30 za noti chakavu zilizokuwa zinakwenda kusagwa. Pesa ya takataka, basi nani ataumia? Katika Money Heist, tamthilia ya Kihispania iliyoanza mwaka 2017 na kwisha 2021, wezi wa ovaroli nyekundu wanaingia kiwanda cha kuchapa pesa na kujichapia zao wenyewe. Tena hakuna aliyeibiwa. Ukishakubali kwamba pesa haina mwenyewe, kilichobaki ni akili ya mwizi, na akili huvutia.

Hapo ndipo pa kuuliza maswali, kwa sauti ya kawaida, bila hotuba. Katika Den of Thieves, mlinzi wa gari la pesa aliyeuawa mwanzoni alikuwa anaitwa nani? Hakuna atakayekumbuka. Kwa nini hatumkumbuki? Zingekuwa ni pesa za yule dada wakala pale barabarani, nani angezilipa? Vijana wanajua jibu: angelipa yeye, kwa mshahara wake au kwa kukopa. Polisi wa filamu hii ni mlevi, anapiga watu, nyumba yake imemshinda. Je, ubaya wake unampa mwizi haki?

Samahani kwa ambaye hajaiona, lakini mwishoni mwizi mkuu anatoweka na mzigo. Waswahili tunasema siku za mwizi ni arobaini. Filamu inakufanya uombe ya arobaini isifike. Mwambie kijana hivyo waziwazi: ulimwombea nani, na kwa nini? Akiweza kujibu, filamu haijamdhuru.

Kwa wa miaka 16 na kuendelea, iambatanishe na Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, iliyotoka Kenya mwaka 2012. Nayo ina wizi, bunduki na matusi, lakini Mwas, kijana aliyetoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaishi maisha tunayoyajua: basi la kwenda mjini, kuibiwa siku ya kwanza, marafiki wanaoiba vipuri vya gari, polisi wala rushwa. Hapo gharama ya ujambazi inaonekana kwa bei ya kwetu.

Kwa mdogo aliyeiona kwa bahati mbaya, usimgombeze. Mwonyeshe picha za waigizaji kwenye simu wakicheka, mwambie damu ni rangi. Kwa siku chache angalia kama anaogopa kwenda chooni usiku, anakojoa kitandani tena, au mchezo wake umekuwa wa kuua tu. Ikiendelea zaidi ya wiki mbili, zungumza na mwalimu wake au wahudumu wa afya.

8. Lipa panapolipika

Kopi ya laibrari kwa kawaida haijamlipa mtengenezaji hata shilingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa Hollywood na wa Kariakoo sawasawa. Kwa DVD za filamu zetu, tafuta stempu ya TRA kwenye kasha, utaratibu ulioanza mwaka 2013. Kwa za nje, king'amuzi au huduma ya kulipia ni njia halali, na faida yake kwa mzazi ni kubwa kuliko sheria yenyewe: ndizo zenye daraja la umri na namba ya siri. Anayenunua kopi ya flashi kwa bei ndogo ananunua na kazi ya ubawabu.

Kwa ufupi, kabla ya kubonyeza: soma jina la faili, angalia muda, angalia umri na herufi, msikilize DJ, hesabu waliokaa, shusha besi. Yote hayo hayazidi nusu saa, na ukiyazoea yatakuwa pungufu ya hapo. Mzazi asiyekuwa na nusu saa hiyo aweke taarifa ya habari, na filamu aiache hadi Jumamosi.